Deki Iliyopelekwa Kamsamba

Nilimwahidi Mama Tumaini kwamba sauti ya mumewe haitapotea. Nilimwahidi jikoni kwake, Nanyala, yeye akiwa ameinama juu ya sufuria ya kande, mimi nimeketi kwenye kigoda karibu na mlango nikiwa na kikombe cha chai ya maziwa iliyokwisha kuanza kufanya utando. Hakunitaka niape. Alisema tu, "Wewe umesoma, mwanangu. Ukisema haitapotea, mimi ninalala usingizi." Nikasema haitapotea. Mwezi uliopita tulimzika mama huyo kando ya shamba lake la kahawa, karibu na kaburi la mumewe, na katika matanga yake vijana walikuwa wakipeana simu zenye picha na sauti zake: huku anacheka, huku anamkemea mbuzi aliyeingia bustanini, huku anaimba kanisani akiwa amefumba macho. Nilifurahi kwa ajili yao, lakini sikuweza kuendelea kukaa pale. Nilitoka nikasimama nyuma ya ghala la mahindi, kwa sababu nilimkumbuka mumewe, Mwalimu Nzunda, aliyewafundisha watu wengi wa Mbozi kuimba, na ambaye wajukuu wake hawajui alikuwa na sauti ya namna gani. Mwaka mmoja tu wa ujana wangu ndio unaolieleza jambo hilo, na kwa miaka yote hii nimekwepa kuusimulia.

Mwaka ule nilikuwa nimerudi kutoka chuo cha ufundi, Mbeya, nikiwa na cheti cha elektroniki na imani moja kubwa. Niliamini kwamba watu wa kwetu hawashindwi na mitambo, wanashindwa na maneno yaliyobandikwa juu ya mitambo. Na kwamba maneno hayo yakitolewa katika Kiingereza cha kiwandani na kuwekwa katika lugha ambayo mtu huitumia kuomba chumvi kwa jirani, kila mama mwenye umeme ndani ya nyumba ataitawala mashine yake mwenyewe. Bosi Gasper, aliyenipa kazi katika duka lake la Tunduma, aliisikiliza imani hiyo siku ya kwanza huku akitafuna hindi la kuchoma. Alipomaliza kunisikiliza alijifuta midomo, akasema, "Eliya, wewe ni kijana mzuri. Usinifilisi."

Duka lilikuwa kando ya barabara kuu ielekeayo mpakani, mahali ambapo malori husimama kutwa nzima yakingoja kuvuka, na vumbi lake likawa linatua juu ya kila kitu tulichokifuta asubuhi. Rafu zilijaa deki zilizokwisha kutumika ng'ambo. Nyingi zilikuwa za kuchezea tu, lakini zilikuwapo chache za kurekodi, ambazo ungeziunganisha na kamera au televisheni nazo zikaandika picha na sauti juu ya diski tupu. Wabadilisha fedha walilikimbia jua kwenye benchi letu, na hapo ndipo nilipojifunza biashara, kwa kusikiliza.

"Ba bosi, iyi yaliwama?" mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliuliza siku moja kwa Kibemba kama ni nzuri, akiigonga deki kwa ukucha kama anayechagua tikiti maji.

"Yaliwama sana, mukwai!" Gasper alimjibu. "Hii ni nzima kama ilivyotoka kwao."

"Na haya maandishi ya hapa mbele, yanasema nini?"

"Hayo ni mambo ya kiwandani, mama. Wewe bonyeza hiki chekundu, inarekodi. Ikikusumbua unaileta, mimi nipo."

"Itarudi tu," mbadilisha fedha mmoja alinong'ona kwa mwenzake. "Deki za Gasper zinaijua njia ya nyumbani kuliko ng'ombe."

Nao walikuwa wanasema kweli. Kila wiki alikuja mtu mwenye sura ya msiba, ameshika diski ya harusi au ya kipaimara iliyocheza vizuri kwake lakini ikakataa kwa shangazi, kwa mchungaji na kwa kila mtu mwingine. Gasper aliichukua pamoja na deki yake, akaingia nayo chumba cha nyuma, akakaa huko kiasi cha kutosha, kisha akatoka akijifuta jasho ambalo sikuliona. "Ilikuwa na tatizo kubwa," alisema, "lakini nimepambana nayo." Tatizo lenyewe halikuwapo. Diski iliyorekodiwa nyumbani huwa haijakamilika. Deki imeshaandika picha na sauti juu yake, lakini maelezo ya mahali kila kipande kinapoanzia na kinapoishia bado yako katika namna ambayo deki iliyoandika ndiyo inayoielewa. Ili nyingine ziweze kuisoma, sharti umalizie kazi: unaingia katika menyu, unachagua amri ambayo mimi niliiita kufunga diski, unasubiri muda wa kunywa chai. Ukishafunga huwezi kuongeza tena hata neno moja, lakini diski inakuwa ya watu wote. Kabla hujafunga, diski na deki yake ni kitu kimoja chenye vipande viwili. Hilo ndilo Gasper alilolificha chumba cha nyuma, na nilipomuuliza kwa nini tusiwaambie wateja wakati wa kununua, alinitazama kwa huruma ya kweli. "Mteja akielewa kila kitu," alisema, "mimi atanijia kwa lipi? Kunisalimia?"

Mwalimu Nzunda na mkewe waliingia dukani humo baada ya mavuno ya kahawa. Kwaya ya usharika ilikuwa imeamua kumzawadia deki ya kurekodi, kwa sababu alikuwa ametunga nyimbo nyingi kwa Kinyiha ambazo hazikuwahi kuhifadhiwa popote ila vichwani mwa waimbaji, na kwa sababu kila mtu alikuwa ameanza kusikia mkwaruzo katika koo lake. Alikuwa mwembamba, amefunga skafu shingoni hata jua lilipokuwa kali. Gasper alianza wimbo wake wa kitufe chekundu. Mwalimu alimwacha amalize, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nikipanga nyaya. "Kijana, nieleze maneno yote yaliyoandikwa hapa," alisema. "Siwezi kuwaimbisha watu wimbo ambao mimi mwenyewe sijui maneno yake." Nilijisikia kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katikati ya umati wa wageni.

Ndivyo nilivyoanza kwenda Nanyala kila Jumapili baada ya ibada. Sebule yao ilikuwa na makochi yaliyovikwa vitambaa vya kufuma, kalenda ya kanisa, na dirisha lililotazama barabara ya lami, hivi kwamba kila lori lililopita lilivitikisa vikombe kabatini. Deki iliwekwa juu ya meza peke yake kama mgeni wa heshima. Tulikula kwanza, ugali na maharage na mboga ya maboga iliyopikwa kwa karanga, halafu tukashika neno moja baada ya jingine. Niliwaeleza kwamba zipo diski za kuandikwa mara moja tu na zipo za kufutika. Niliwaeleza kwamba deki inaweza kulazimishwa kuweka saa nyingi katika diski moja, ila hapo picha inakuwa ya ukungu na sauti inakosa uhai, kwa sababu vitu vingi vimeminywa katika nafasi ndogo. Mama Tumaini alikuwa anakunja nguo pembeni, tukidhani hasikilizi. "Ni kama kushindilia gunia," alisema bila kuinua macho. "Basi tusishindilie. Mwache apumue." Nikaiweka deki katika ubora wa juu.

Kuhusu kimo cha sauti sikuhitaji kufundisha. Nilimwonyesha Mwalimu vijiti vya kijani vinavyopanda katika kioo mtu anapozungumza, na jinsi vinavyogeuka vyekundu sauti ikizidi na kuanza kupasuka. Akacheka cheko lake la mkwaruzo. "Huyo ni mwimbaji wa besi anayetaka asikike yeye peke yake. Mwambie arudi nyuma kidogo." Nilipowaeleza kwamba sauti huingia kwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia, na kila njia inaweza kubeba kitu chake, alifikiri kidogo.

"Basi kushoto niweke mimi, na kulia umweke Mama Tumaini."

"Mimi?" mkewe alishtuka. "Mimi nina sauti ya kufukuzia ndege wa mtama!"

"Hiyo hiyo. Mbona ndege wamekutii miaka yote?"

"Ndege walikuwa wananihurumia wewe ulipokuwa kwenye mazoezi ya kwaya."

Nakumbuka nilivyoinamia nyaya ili wasione kwamba na mimi nacheka. Leo nikiyakumbuka maneno hayo, kinachoniumiza ni kwamba deki haikuwa imewashwa. Tulikuwa tunajiandaa kurekodi mambo muhimu.

Tulirekodi kwa majuma kadhaa, kamera ikiwa imeunganishwa na deki, kidogo kidogo, kwa kadiri koo lilivyoruhusu. Aliimba nyimbo zake, akaeleza kila mmoja ulitungwa lini na kwa ajili ya nani, akamsalimu binti yake Tumaini aliyeolewa Nakonde na kuwatamkia baraka watoto ambao bado hajawazaa. Wimbo wa mwisho ulikuwa mrefu, na alitaka beti zake za mwisho ziimbwe na kwaya nzima. Nilimshauri tufunge diski ile, kisha kwaya tuiweke katika diski nyingine. Alikataa. "Wimbo mmoja haukatwi katikati kama soseji," alisema. "Acha nafasi. Nikitoka hospitali tutamalizia." Mama Tumaini naye akataka nafasi iachwe, na hakuwa anazungumzia diski tu. Nilielewa, nami sikuwa na moyo wa kumwambia mwanamke kama yule kwamba tufunge tusisubiri. Ni siku hiyo, jikoni, ndipo aliponiuliza kama kuna hatari, nami nikamwahidi. Nilimfundisha jinsi ya kufunga yeye mwenyewe: kitufe kipi, ukurasa upi wa menyu, neno lipi, na kwamba umeme usikatwe wakati deki inafanya kazi hiyo. Alinirudishia hatua zote bila kukosea, akiwa anapeta mchele. Sikuwahi kuwa na mwanafunzi bora kuliko yeye, wala sijampata hadi leo.

Hospitali ya Mbeya walimwondolea uvimbe, na pamoja na uvimbe wakaondoa sauti. Alirudi Nanyala na tundu shingoni lililofunikwa kwa kitambaa cheupe. Nilipokwenda kumwona alikuwa ameketi mbele ya deki, haijawashwa, na aliponiona alifanya ishara ya mkono ambayo kila mwanakwaya aliijua: subirini, bado hatujaingia. Alitaka kwaya ije imalizie zile beti, naye awaongoze kwa mkono. Kwaya ilipanga kuja baada ya kupanda mahindi. Mvua zilichelewa, kupanda kukachelewa, na Mwalimu akafariki kabla kwaya haijafika.

Sasa lazima niwaeleze wasiotoka kwetu jambo ambalo sisi tunalijua tangu utotoni. Mtu akifariki, vitu vyake havitumiwi na mtu yeyote mpaka ndugu wakae, waondoe matanga na kugawa. Viatu, kofia, redio, jembe lake, vyote vinakusanywa na kufunikwa, na mjane anaishi navyo chumba kimoja bila kuvigusa. Deki ilifunikwa kwa kitenge pamoja na vitu vingine, diski ikiwa nje kwa sababu Mama Tumaini alikuwa ameitoa siku nyingi kabla na kuihifadhi kwenye kopo la biskuti. Nyumba ilijaa waombolezaji. Nilimfuata jikoni katikati ya moshi na masufuria makubwa, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, ni muda wa kunywa chai tu. Niruhusu niifunge." Aliacha kukoroga. Macho yake yalikuwa mekundu, sijui kwa moshi au kwa kilio. "Mwanangu, wakiona kitenge kimesogezwa, watauliza nini kingine nimesogeza. Ngoja wagawe. Nitawaeleza. Ni watu wazima, wataelewa."

Kikao kilikaa uani, chini ya kibanda cha mabati kilichojengwa kwa ajili ya msiba. Msemaji alikuwa Mzee Yoramu, kaka mkubwa wa marehemu, aliyehamia Kamsamba zamani kulima mpunga na kufuga. Alikuwa amekuja amebeba mambo ya kikubwa usoni, na kila alipokohoa watu walinyamaza. Baiskeli ilikwenda kwa huyu, shuka kwa yule, na walipofika kwenye deki wakasema kitu kikubwa kama kile kinamstahili kaka mkubwa. Hakuna aliyepinga. Ndipo Mama Tumaini alipoinuka kutoka kwenye mkeka wa wanawake.

"Shemeji, na wazee wangu wote," alisema, na sauti yake haikutetemeka, "deki hiyo siitaki, ichukueni kwa amani. Ninaomba jambo dogo. Diski ya Mwalimu haijafungwa. Imeandikwa ndani ya deki hiyo na inasomeka ndani ya deki hiyo peke yake. Mniruhusu niiwashe hapa hapa, mbele yenu, niifunge, halafu muondoke nayo. Mkiiondoa hivi ilivyo, mtakuwa mmenigawia sahani, na chakula mmekipeleka Kamsamba."

 Kisha mzee mmoja nyuma akasema, "Loo! Mjane amekuwa fundi redio!" na kibanda kizima kikacheka. Si kicheko cha ukatili, na hilo ndilo lililonichoma: kilikuwa kicheko cha watu waliochoka, waliopata mahali pa kupumulia, na mahali penyewe palikuwa ni yeye. Alibaki amesimama, mikono ameifumbata tumboni, akingoja kiishe ili aendelee. Hakikuisha upesi.

"Nani amekufundisha maneno hayo?" aliuliza Mzee Yoramu.

Nilisimama. Nilisema kila alichosema mama ni kweli, nikaanza kueleza kwa nini. Sikufika mbali.

"Kijana, wewe ni wa ukoo gani?"

"Mimi si wa ukoo, baba mkubwa. Mimi ni fundi."

"Basi kaa chini, fundi. Hapa wanazungumza wenye marehemu."

Gasper alikuwapo. Alikuwa amekuja kuzika kama mtu yeyote wa heshima anavyozika, amevaa koti, ameketi miongoni mwa wageni wakubwa. Mtu mmoja akapendekeza aulizwe yeye, kwa kuwa ndiye aliyeiuza deki. "Bosi," Mzee Yoramu alimwambia, "wewe ni mtu mzima mwenye duka. Diski hii ya mdogo wangu haitacheza kwingine?" Gasper alinitazama mimi kwanza, kisha mjane, kisha safu ya wazee. Alikuwa amefunga diski za namna ile kila wiki katika chumba chake cha nyuma. Hakuna mtu katika Tunduma nzima aliyelijua jibu kuliko yeye. "Wazee wangu," alisema kwa unyenyekevu, "diski ni diski. Ikikataa, mama aje dukani, tutamsaidia." Mzee Yoramu akakohoa, na wakahamia kwenye majembe.

Niliiona deki ikifungwa kwa kamba nyuma ya pikapu, kati ya magunia na baiskeli, na Mama Tumaini akiwashukuru wageni kwa kuja, mmoja mmoja, kama desturi inavyotaka. Kesho yake nilimwendea Gasper. Alikuwa anafuta vumbi, kazi ambayo kwa kawaida ilikuwa yangu.

"Bosi, wewe ulijua."

"Nilijua. Ulitaka niwaaibishe wazee mbele ya wakwe zao, kwa ajili ya sidii?"

"Na yule mama?"

"Atalia, halafu atanyamaza. Halafu atahitaji deki. Wewe kaa Tunduma kidogo, utakomaa."

Sikukaa. Niliacha kazi siku hiyo hiyo, na kwa muda mrefu niliona kuacha huko ni ushujaa. Sasa sina hakika. Gasper hakupungukiwa na kitu. Duka lake ni kubwa zaidi sasa, linauza ving'amuzi na simu, na katika harambee za kanisa jina lake husomwa mapema.

Kiangazi kiliposhika niliibeba diski katika kopo lake la biskuti, nikateremka Kamsamba. Joto la bonde lile linamkaribisha mtu mapema, kabla hajashuka garini. Mzee Yoramu alinipokea vizuri kuliko nilivyotazamia. Nililetewa wali na samaki wa Rukwa, nikapewa maji ya kuoga, nikaulizwa habari za baridi ya Mbozi. Deki ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa chombo cha maua ya plastiki. Niliutazama ukuta wa nyuma yake nikitafuta waya. Nyumba haikuwa na umeme. Nilimwomba aniruhusu niipeleke senta, kwenye mashine ya kusaga yenye jenereta, niifunge diski na kuirudisha siku hiyo hiyo, yeye mwenyewe akiwapo.

Alikisawazisha kitambaa kwa kiganja. "Nilimlea yule," alisema hatimaye. "Baba alipofariki, mimi ndiye niliyempeleka shule kwa miguu yangu. Sasa wewe unataka uiwashe, mdogo wangu azungumze humo ndani, mbele ya wasaga unga. Akishazungumza, nani atamnyamazisha?"

"Baba mkubwa, tukichelewa hatazungumza tena kabisa."

"Amekwisha kunyamaza, kijana. Sisi tulimwona. Mwaka wa msiba ukiisha, njooni na huyo shemeji yangu, tutakaa tulizungumze. Mali iliyogawiwa haitoki mlangoni kabla ya hapo."

Nilijaribu kumchukia, nikashindwa. Aliogopa kitu ambacho mimi nilikitamani, nasi sote wawili tulikuwa tunamlilia mtu mmoja. Lakini hofu yake ilipewa heshima ya desturi, na haja ya mjane ikapewa kicheko, na hilo sijalisamehe. Kabla mwaka wa msiba haujaisha, mvua za bondeni zilileta maji ya mto ndani ya nyumba nyingi za Kamsamba. Mzee Yoramu aliokoa ng'ombe na wajukuu. Deki ilipofukuliwa ilikuwa imejaa tope hadi kwenye kile kijicho kinachosoma diski.

Mama Tumaini hakunidai ile ahadi hata mara moja. Niliendelea kumtembelea, hata nilipokuwa nimeajiriwa kufundisha ufundi mbali na pale, naye aliendelea kuniwekea chai. Deki nyingine hakununua, na duka la Gasper hakulikaribia. Alilitunza kopo la biskuti juu ya kabati, na mara moja tu alilitaja, tulipokuwa tunamenya viazi. "Wewe hawakukusikia, mwanangu, kwa hiyo huna kosa. Mimi walinisikia." Alitupa ganda katika beseni. "Walinisikia vizuri sana."

Baada ya maziko yake, Tumaini alinikabidhi kopo. Nilimpelekea diski fundi mmoja wa Mbeya mwenye kompyuta na subira, kwa maana siku hizi zipo programu zinazoweza kusoma hata diski ambayo haikufungwa. Alifanya kazi kwa uaminifu. Akanieleza kwamba diski za kuandikwa nyumbani zina rangi maalumu ndani yake, na kwamba rangi hiyo hufifia kwa miaka, kwa joto na kwa mwanga. Tungekuja mapema, angeipata yote. Alichopata ni kipande kifupi cha mwanzo kabisa. Mwalimu ameketi kwenye kochi, anarekebisha skafu, anatazama pembeni ya kamera kuelekea mahali mkewe alipokuwa amesimama, anauliza kwa sauti nene yenye mkwaruzo: "Imeshaanza?" Kisha picha inasambaratika.

Nilimtumia Tumaini kipande hicho, Nakonde. Alinipigia simu, na nyuma yake nilisikia watoto wake wakimsihi awarudishie wasikilize tena. "Na baada ya hapo, kaka?" aliniuliza. "Anasema nini baada ya hapo?" Nilimwambia kwamba alimbariki, yeye na watoto wake, na kwamba nilikuwapo na nilisikia. Aliniomba nimwimbie japo ubeti mmoja. Mimi si mwimbaji, wala Kinyiha changu si kizuri. Niliimba nilichokumbuka, nikakosea, naye akanishukuru.

Nilidhani zamani kwamba kinachowanyima watu wetu haki yao ni kutoyajua maneno. Nilikuwa na cheti cha kuthibitisha hivyo. Lakini Mama Tumaini aliyajua yote, aliyasema katika lugha ambayo kila mtu pale kibandani aliifahamu, akayasema kwa adabu, kwa wakati wake na mahali panapostahili. Hakukuwa na tafsiri ambayo ningeweza kumwongezea.

Kwa hiyo, msomaji, sikuombi mengi. Siku utakapoketi katika kikao cha kugawa mali ya marehemu, na mjane akainuka akasema kitu hiki kisitenganishwe na kile, muulize ni kwa nini, kisha nyamaza mpaka amalize kujibu.